Duisenbay Hakuruka Popote

Mimi ni mjomba wa bibi harusi, na kwetu Töretam mjomba ana ruhusa ya kumtania yeyote, hata mkwe mwenye tumbo. Kwa hiyo habari za shemeji yangu Duisenbay nitazisimulia mimi, maana hakuna anayezisimulia vizuri kama mimi. Shule niliiacha mapema. Waliopata hasara ni wao.

Duisenbay ni mlinzi wa makumbusho. Uani pale pameegeshwa Buran, chombo cha anga kikubwa kama ghala la ngano, ambacho hakikuruka hata siku moja. Kilikuwa cha majaribio: kukiinua kwa winchi, kukipakia, kufunga na kufungua milango. Ujanani Duisenbay naye alikuwa wa majaribio. Walimkalisha kwenye kiti cha rubani, wakamfungia, wakawa wanamuuliza kwa simu kama hewa inamfikia. Siku moja wakaenda kula wakamsahau humo, naye akalala fofofo. Hiyo ndiyo safari yake yote ya anga.

Lakini watu wetu! Huyu atakuapia kile chombo kilikwenda mwezini kwa siri. Yule atasema cha kweli kiliuzwa, hiki ni cha mbao. Mwingine anajua kwamba ndani mna mbwa aliyeganda. Na wote wana hakika kwamba Duisenbay alikuwemo.

Yeye hachoki kubisha. "Kilichoruka ni kingine, ndugu yake hiki," huwaambia wageni. "Kiliruka mara moja tu, bila mtu. Baadaye paa la banda likakiangukia, kikaisha. Hiki kimepona, basi." Wageni huondoka wamenuna kama waliopewa supu baridi.

Sasa mpwa wangu Nursaule akapata mchumba kutoka Kyzylorda, akampenda mpaka akawa anatia chumvi kwenye chai, tena mara mbili. Baba wa kijana, Sagyndyk, kondakta mstaafu wa treni, alikuwa ameshautangazia mji mzima kwamba mwanawe anaoa kwa mwanaanga.

Asubuhi ya wakwe kuja, dada yangu Kulpash alimbana mumewe jikoni.

"Baba Nursaule, leo funga mdomo. Mkishalishana ini na mafuta ya mkia wa kondoo, ndoa imekubaliwa, hakuna wa kurudi nyuma. Baada ya hapo waambie hata kwamba wewe ni punda."

"Niwalishe uongo?"

"Walishe ini! Nani kakwambia uwalishe uongo?"

Wakwe wakaja, wakaketi, wakanywa chai. Ikaletwa sahani yenye ini na mafuta ya mkia wa kondoo. Duisenbay akachota kwa mkono kumlisha mwenzake. Sagyndyk akapanua mdomo kama lango la karakana.

"Nilishe, mkwe wangu! Nilishe kwa mkono ulioyashika mawingu!"

Mkono ukasimama hewani, mafuta yanadondoka. Nilimwona Kulpash akifumba macho.

"Mkwe," Duisenbay akasema, "mkono huu umeshika ufagio. Sikuruka popote. Nilikalishwa ndani, chombo kiko chini."

Lango likafungwa. Nursaule aliyekuwa akimimina chai akaimwagia meza.

"Hukuruka?" Sagyndyk akauliza.

"Sikuruka."

"Sasa nani aliruka?"

"Hakuna mtu."

"Hata mbwa?"

"Hata panya."

"Mimi nimeshawaambia watu wote kwenye treni tuliyokuja nayo!" Sagyndyk akafoka. Akainuka, akatafuta kofia yake. Nikaona harusi inatoka mlangoni, nikaona ni kazi ya mjomba.

"Mkwe, unaogopa?" nikamwambia. "Umekuja mpaka huku, hata kukaa kwenye kile kiti hutaki? Au tumbo halipiti?"

"Nani hapiti?"

Tukaenda wote makumbusho. Kwenye mlango wa Buran alipita, lakini tulimsukuma. Akakaa kwenye kiti cha rubani, akatazama vishikio vya kuendeshea.

"Ulikaa hapa hapa?"

"Hapo hapo."

"Nyota hukuona?"

"Niliona dari."

Mzee mzima akashika vishikio vyote viwili, midomo ikaanza, "Brrrrr!" Akapiga kona. Akapiga nyingine. Kisha akapaza sauti:

"Leteni ini!"

"Humu chakula hakiliwi," Duisenbay akasema. "Ni sheria ya makumbusho."

"Mkwe, nitakula hapa au sili kokote."

"Mafuta yatadondokea—"

Kulpash alikuwa ameshapanda ngazi na sahani aliyotoka nayo nyumbani. Akakuta mdomo wa mumewe uko wazi, akausokomezea ini na mafuta mpaka shavu likatuna, kisha akamgeukia Sagyndyk, naye akalishwa. Ndani kukawa na kutafuna tu.

"Mjomba!" Nursaule akaita kutoka chini. "Wamekula?"

"Wamekula wote wawili," nikamwambia. "Baba yako anatafuta kitambaa afute kiti."