Mkalimani wa Amondi

Kama kuna mtu aliyekuwa na hakika kwamba uongozi wa kikundi ungeangukia kwa Ghati Wangwe, basi ni Ghati mwenyewe. Alikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi katika chuo kimoja cha Tarime, na tangu mwaka wa kwanza hakuna aliyempita darasani. Wanachuo waliokaribia kuhitimu walipoingizwa kwenye mafunzo ya uongozi wa afya ya jamii, alipiga pasi sare yake vizuri, akaketi mstari wa mbele. Mwalimu Scholastica, msimamizi wa mafunzo, aliwafundisha namna ya kukaa na kijiji na kukisikiliza. Kisha akatangaza kwamba kikundi kitakachokwenda kata ya Kisaka, wilaya ya Serengeti, kitaongozwa na Amondi Olima.

Ghati alipiga makofi pamoja na wenzake. Mikono ilipiga, moyo ukakaa kando.

Amondi alikuwa rafiki yake wa chumba kimoja. Alikuwa Mjaluo wa Sirari, binti wa wauza mitumba, mwenye shangazi zake ng'ambo ya mpaka, Kenya, na alicheka kwa sauti hata mbele ya walimu. Ghati ndiye aliyemfundisha somo la dawa mpaka akafaulu. Sasa huyohuyo ndiye angesimama mbele na Ghati nyuma yake. Alijiambia kwamba Mwalimu amekosea. Baadaye akajiambia kwamba Amondi alijipendekeza. Hilo la pili lilimpa nafuu zaidi, akalishika.

Kisaka ilikitonesha kidonda. Wazee wengi kule wanazungumza Kingoreme, lugha ambayo Mkurya kama Ghati anaisikia bila taabu, ila Amondi hakushika hata neno moja. Basi Ghati akawa mkalimani wake. Amondi akisema sentensi moja, Ghati anaigeuza, anaitia chumvi, anaongeza mfano wa ndama na mama yake, wanawake wanacheka. Halafu macho yote yanarudi kwa Amondi, na vichwa vinamwitikia yeye. Mwenyekiti wa kitongoji alimwita Amondi "daktari wetu". Ghati aliitwa "yule binti anayetafsiri".

Kazi yao ilikuwa kujua kwa nini wajawazito wengi bado wanajifungulia nyumbani. Katika mkutano wa kwanza, mama mmoja mtu mzima aitwaye Mama Werema alinyanyuka, akasema kwamba mto hujaa wakati wa mvua. Akatulia kidogo, akaendelea. Alisema wanawahubiria wasichana bure, kwa kuwa wasichana hawana kauli ndani ya nyumba. Wa kuongea nao ni wao, mama wakwe. Hata yeye ana mkamwana mwenye mimba kubwa, na hatoki pale bila neno lake. Waje nyumbani kwake, waongee.

"Anasema nini?" Amondi akauliza.

"Anasema mto hujaa wakati wa mvua," Ghati akajibu.

Hakuwa amepanga. Maneno mengine yalifika kwenye ulimi yakakaa hapohapo. Lakini alipoketi chini aliona kwamba amepata akiba. Siku ya kuwasilisha kazi yao Mugumu, makao makuu ya wilaya, mbele ya Mwalimu na watu wa halmashauri, angesimama yeye, aseme jambo ambalo kiongozi hakuligundua. Aliuwaza uso wa Amondi wa siku hiyo akiwa anafua, akiwa anapika, hata akiwa amekaa naye wakinywa chai.

Siku zilizofuata Amondi alizunguka nyumba kwa nyumba akiwahimiza wasichana wawahi zahanati kabla mto haujajaa. Walimwitikia kwa heshima, lakini hawakuja. Amondi akaanza kuacha chakula. Alimuuliza Ghati anakosea wapi, na Ghati akamwambia watu wa huku ni wagumu. Alimwona rafiki yake akinyong'onyea, na jambo hilo likampendeza.

Asubuhi moja Werema, mtoto wa yule mama, alifika zahanati akihema. Mke wake Tabitha alikuwa amejifungua nyumbani. Mtoto alikuwa salama, lakini kondo la nyuma lilikuwa halijatoka na damu haikatiki. Muuguzi wa zahanati alibeba sindano na dripu, Amondi na Ghati wakamfuata kwa bodaboda. Walimkuta Tabitha kwenye mkeka, midomo imepauka. Muuguzi alichoma sindano, Ghati akatafuta mshipa wa dripu, Amondi akapiga simu kuomba gari la wagonjwa, kisha akapiga magoti kumshika Tabitha mkono.

Wakati wakisubiri gari, Mama Werema, mjukuu mikononi, aliwageukia wasichana wale wawili.

"Niliwaambia siku ile," alisema kwa lugha yake. "Niliwaambia mje kwangu, mimi ndiye mwenye neno hapa. Nikawangoja. Mbona hamkuja?"

Amondi alimtazama Ghati. "Anasema nini?"

Hakuna ambaye angemkosoa. Muuguzi alikuwa mtu wa Mbeya, asiyejua Kingoreme, na Werema alikuwa barabarani akilingoja gari. Ghati angeweza kusema kwamba mama analia tu. Aliangalia damu kwenye mkeka, akatafsiri yote, neno kwa neno, pamoja na yale ya mkutanoni.

Amondi aliuinamia tena mkono wa Tabitha.

"Ungeniomba uongozi ningekuachia, Ghati," alisema. "Mimi wala sikuutaka."

Tabitha alifikishwa hospitali ya Mugumu, akaongezewa damu, akapona. Tangu siku hiyo Amondi alitafsiriwa na mwenzao mwingine, Ezra, aliyetolewa kitongoji jirani, na hakumweleza mtu sababu. Ghati aliomba ruhusa aende kwa Mama Werema. Amondi akamjibu aende, bila kumtazama. Akaketi na mama wakwe wa kitongoji kile, nyumba hii na ile, akiwasikiliza mpaka wakaishiwa maneno. Kabla kikundi hakijaondoka, wakwe wenyewe walianza kuwaleta wakamwana wao kliniki.

Siku ya Mugumu Amondi aliwaambia wakubwa kwamba wazo la kuanza na wakwe ni la Mama Werema, na aliyelifanyia kazi ni Ghati. Hakuongeza lingine. Ukumbi ulimpigia Ghati makofi, yale aliyoyaota, naye akayapokea ameinamisha kichwa. Hata kwa hili Amondi alikuwa amemzidi.

Walihitimu, kila mmoja akashika njia yake. Ghati yuko zahanati moja ya Serengeti, na mama wakwe wa pale wanamjua kwa jina. Mwaka huu alisikia kwamba Amondi amefanywa mkufunzi wa mafunzo yaleyale. Aliandika ujumbe wa hongera kwenye simu, akaufuta, akauandika tena, akautuma. Amondi akamjibu kwa kumwalika aje azungumze na wanafunzi kuhusu kazi yake na wakwe.

Ghati alishinda na simu mfukoni mpaka mchana. Mwishowe alijibu kwamba atakuja, kisha akauliza ni nani mwingine aliyealikwa.