Bei ya Waalimu

Tekla alikuwa mwanamke wa maneno machache mjini na vicheko vingi nyumbani. Mumewe, Ambrosi, alikuwa mpishi wa waalimu katika misheni moja nje kidogo ya Iringa. Tekla mwenyewe alilima viazi na maharage. Mwaka 1954, baridi ya Juni ilipoanza kuuma, habari ikafika kwamba mama mkwe wake anakuja kutoka Mufindi kukaa nao, maana magoti yalikuwa yakimsumbua. Tekla akauza viazi, akafunga shilingi kumi na mbili kwenye pindo la kanga, akaenda mjini na wifi yake Verediana kununua blanketi.

Dukani kwa Mzee Kalinga walisalimiana kwa Kihehe, "Kamwene," naye akawashushia blanketi zito la rangi ya damu ya mzee. Tekla alilipapasa, akaliweka shavuni.

"Kumi na nne," alisema Mzee Kalinga. Kisha akawatazama vizuri. "Lakini ninyi si ndio wa kule kwenye nyumba za waalimu? Waalimu nawauzia kumi na mbili. Lichukue, mke wa mwalimu."

Verediana akamfinya wifi yake kiunoni. Maana yake: nyamaza, hakuna aliyedanganya, mzee amejisemea mwenyewe. Tekla alishaanza kufungua fundo, lakini vidole vikasita.

"Baba, mume wangu si mwalimu," alisema. "Anawapikia waalimu."

Verediana akaangalia dari. Mzee Kalinga akalivuta blanketi taratibu upande wake wa meza. Hakukasirika, ila alisema bei ile aliwaahidi waalimu peke yao. Akimpa mpishi leo, kesho atakuja mpiga kengele.

"Basi nipe lile la kijivu."

La kijivu lilikuwa shilingi nane, na ukilishika kwenye mwanga unaona upande wa pili. Alipokuwa akilikunja, mzee akauliza, "Huyo mumeo huwapikia nini?"

"Nyama, supu, na mikate."

Mikono ya mzee ikasimama. Wakati wa vita alikuwa askari, na tangu arudi hakuwa ameonja mkate uliotoka motoni. "Niletee mmoja kila Jumamosi. Nitalipa vizuri."

"Haiwezekani, baba. Unga ni wa misheni."

Mzee akamkodolea macho, kisha akacheka mpaka akaketi juu ya gunia la chumvi. "Mama, kuna kitu chochote unachoweza kukubali?" Alipopata pumzi akapima ratili nne za unga wa ngano. "Huu ni wangu. Aoke nyumbani kwake."

Walipovuka daraja, Verediana akamgeukia. "Wifi, ungenyamaza tu."

"Halafu kila nikienda kununua chumvi niwe mke wa mwalimu?" Tekla alisema. "Ningechoka."

Jumamosi Ambrosi akatengeneza tanuri kwa debe kuukuu. Mkate wa kwanza uliungua chini, lakini Mzee Kalinga aliula wote akiwa amesimama, akapima unga mwingine wa Jumamosi ijayo, na mara hii akaongeza wa kutosha mikate miwili: mmoja wake, mmoja wa mpishi.

Kwa shilingi nne zilizobaki Tekla alinunua kitambaa cha merikani na uzi, akalishona blanketi la kijivu pamoja na lao la zamani, mpaka likawa nene kuliko lile zito la dukani. Mama mkwe alipofika, Verediana alimsimulia yote, neno kwa neno, akitumaini kuungwa mkono. Mama alisikiliza akijisugua magoti.

"Kwa hiyo, mwanangu, ulitaka nijifunike blanketi la mama wa mwalimu," alisema, "wakati mimi nilizaa mpishi?"

Akalivuta blanketi mpaka kidevuni, akauliza kama kuna mkate uliobaki.