Maswali ya Bima kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja kukaa kwetu Ruring'u kwa sababu ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameziba jicho la kulia kabisa, na la kushoto lilikuwa limeanza kufuata, hata akawa anawatambua watu kwa kusikiliza hatua zao. Kliniki ya macho mjini Nyeri ilikubali kumpasua Jumatano. Ila karani alimweleza mke wangu kwamba bima ya afya ya serikali ya mama yake ilikuwa imeandikishwa tu, haijaanza kufanya kazi. Ili ianze, ilibidi mama ajibu maswali kuhusu nyumba na mali yake, serikali ipige hesabu ya anachoweza kutoa, kisha alipe mchango wa mwaka mzima kwa mara moja. Bila hiyo, gharama yote ilikuwa juu yetu, na sisi pesa hiyo hatukuwa nayo.

Mke wangu anafanya kazi katika duka la jumla kule Kenol, na hurudi nyumbani mwisho wa wiki tu. Jumapili alijaribu kumuuliza mama yake hayo maswali, lakini mtandao wa bima ulikuwa umelala siku nzima. Jioni akaanza kufunga begi.

"Utamuuliza wewe," akaniambia, na nikaona anazuia kicheko.

Mtu asiyetoka kwetu huenda asione shida iko wapi. Kwetu, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa nimezungumza na yule mama kuhusu mvua, kahawa na afya ya wajukuu, basi. Akiingia sebuleni, mimi nilikumbuka kazi iliyoningoja nje. Akitaka kunisalimu alimwambia mke wangu anisalimie, nami nimekaa pale pale.

Jumatatu nilifunga kibanda changu mapema. Mimi hufuma sweta za shule kwa mashine, karibu na uwanja wa michezo. Nilipofika nyumbani nikajaribu simu, mtandao ukakubali, maswali yakaanza kushuka. Nilifikiri nimwandikie kwenye karatasi ajibu mwenyewe, kisha nikakumbuka kwamba haoni, na kwamba ndiyo sababu ya shughuli yote.

Nikakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, uso nimeuelekeza barabarani, nikamwambia serikali ina maswali machache. Nilimuuliza kwa Kiswahili, jinsi yalivyokuja. Kwa lugha yetu ya nyumbani nisingethubutu.

Ya kwanza yalikwenda vizuri. Anaishi na nani? Peke yake, tangu baba mkwe alipofariki. Paa ni la nini? Mabati. Kuta? Mbao, isipokuwa chumba kimoja cha mawe ambacho marehemu alikianza akaishia usawa wa madirisha. Anapikia nini? Kuni, na gesi wageni wakija.

Kisha likaja la choo.

Niliitazama ile simu muda mrefu. Kulitamka neno lile mbele ya mama mkwe sikuweza, ulimi ulikataa. Nikatafuta njia ya kuzunguka, nikaipata, nayo ikawa mbaya zaidi.

"Mama," nikasema, "wanauliza kuhusu ile nyumba ndogo."

Ndipo nikakumbuka kwamba nyumba ndogo, nchi hii nzima, ni mwanamke wa pembeni ambaye mume wa mtu amemweka mahali.

Mama mkwe aliweka kikombe chini taratibu, akiitafuta meza kwa vidole. "Baba yao hakuwa na nyumba ndogo," akasema. "Na kama alikuwa nayo, serikali imejua aje?"

"Ile ya nje, Mama. Ya kujisaidia."

Akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha kichwa, nami nikajikuta nacheka huku nikitazama barabara.

"Sema choo," akasema. "Hata mimi niko nayo. Ya shimo, na mlango ya mabati. Andika."

Baada ya hapo tulienda mbio mpaka tukafika kwenye mifugo. Akataja ng'ombe wawili, mbuzi wanne, na kuku ambao hakujua idadi yao. Hapo nikasita. Fundi viatu aliye jirani ya kibanda changu alikuwa ameniambia kwamba kila ng'ombe hupandisha mchango, na kwamba yeye alijibu kama mtu asiye na hata kifaranga. Nikamdokezea Mama kwa adabu kwamba yule ng'ombe wa pili bado ni mtamba, hajazaa, na pengine si lazima ahesabiwe.

Akaniuliza kama nakumbuka siku ambayo yeye na wazee wa kwao walikuja kuona nyumbani kwangu, kabla sijamwoa binti yake. Nilikumbuka vizuri. Niliwaketisha kwenye kochi jekundu.

"Nilikaa, mkono ikaingia katikati ya mito," akasema. "Nikatoa kitambulisho ya mwanamume sijui. Nikairudisha. Nikajua kochi ni ya kuazima."

Lilikuwa la rafiki yangu, tulilibeba asubuhi ile wanaume wanne. Kwa miaka yote hiyo nilidhani siri hiyo ni yetu sisi wanne tu. Nikamuuliza Mama, nikiwa bado nimeutazama mlango, kwa nini hakusema kitu, na kwa nini alikubali nimwoe msichana wake.

"Ile sweta ulikuwa umevaa ilikuwa yako," akasema. "Lakini iliniudhi kidogo, ati mtu anafikiri nitamkataa kwa sababu ya kiti. Sasa andika ng'ombe zote mbili."

Nikaandika zote mbili.

Kiasi kilipokuja kilikuwa kikubwa kuliko nilivyotumaini na kidogo kuliko nilivyoogopa. Hata hivyo, yeye hupata pesa ya maana mara moja kwa mwaka, kahawa inapolipwa, na malipo hayo yalikuwa mbali bado. Aliniambia kwamba majirani zake wengi hawakatai bima. Wanakwama kwa sababu mchango wa mwaka mzima unatakiwa wakati mfuko hauna kitu. Tukachanga: mke wangu, kaka yake anayeuza mbolea Kutus, na mimi. Mama alitaka naye atoe, akatoa noti zilizokunjwa mpaka zikawa kama vidonge. Jumanne saa nne asubuhi ujumbe ukaingia kwamba bima yake imeanza kufanya kazi. Nilimsomea mara mbili, kwa ombi lake.

Jumatano nilimpeleka mimi. Tulisubiri idhini ya bima mpaka saa saba mchana, kwa kuwa mtandao ulikuwa unajikokota. Nilidhani atachoka, kumbe alikuwa ameshafanya urafiki na benchi zima, na kabla sijaweza kumzuia akawasimulia habari ya nyumba ndogo, akiniiga hata sauti. Watu walicheka mpaka muuguzi akachungulia. Mzee mmoja mwenye kofia ya kufumwa, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, alinishika bega akaniambia kwamba kwao mkwe angezimia kabla ya kufika nusu ya swali. Nikashukuru.

Upasuaji wenyewe ulichukua muda mfupi kuliko kusubiri. Kesho yake bandeji ikatolewa, na daktari akamuuliza anaona nini. Akatazama ukuta, akatazama dirisha, kisha akanigeukia. Nilikuwa nimezoea kuangalia upande, lakini mara hii nikatulia nikamwacha atazame.

"Naona mkwe wangu ameota mvi," akamwambia daktari. "Na hakuna mtu aliniambia."

Alirudi kwake juu ya Kutus wiki iliyofuata. Siku hizi hunipigia simu mwenyewe, moja kwa moja. Juzi alinipigia nikiwa kwenye mashine, akasema kuna majirani wawili wanaotaka kujibu maswali ya bima na wanaomba niende Jumamosi, kwa sababu amewaambia mimi huuliza vizuri. Nikamwambia nitakwenda. Akaniuliza kama nimekula, na kama mvua imefika Ruring'u, na kama ni kweli mke wangu ameanza kupika ndizi kwa nazi, jambo ambalo hakuliafiki. Nilikuwa nikimtetea mke wangu simu ilipokatika. Salio lilikuwa limemwishia. Nikazima mashine, nikampigia.