Kikombe cha Chai Kabla ya Amina

Sikuajiriwa kufundisha watu. Niliajiriwa kusimamia maduka ya simiti na mabati, hapa Machakos mjini, Wamunyu na Katangi, na kazi hiyo ilinitosha. Lakini tajiri wangu alirudi kutoka semina Nairobi akiwa na hofu mpya. Alikuwa ameambiwa kwamba wafanyabiashara wakikaa pamoja kupanga bei, serikali inaweza kuwashtaki, na hata aliyenyamaza kikaoni huhesabiwa kuwa alikubali. Akanigeukia mimi.

"Madam, hawa watu wetu wafundishe wewe. Wewe uko na mdomo."

Mdomo ninao, sikatai. Basi kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua, niliwakusanya wauzaji wetu wote kwenye stoo. Mkiwa na watu wa maduka mengine, niliwaambia, bei isitajwe. Ikitajwa, simama, sema hutaki, kisha utoke. Na usitoke kimyakimya. Toka kwa namna ambayo watu watakumbuka kwamba ulitoka, hata ikibidi umwage chai.

Muuzaji wetu wa Katangi alicheka hadi akashika tumbo. "Aiya! Nimwage chai ya mtu, madam? Nitoke kabla ya maombi? Si wataniuliza nililelewa wapi!"

Nilimkaripia mbele ya wenzake. Nikamwambia adabu zake hazitamtetea mahakamani. Ni rahisi sana kuwa jasiri ukiwa umeegemea mifuko ya simiti.

Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wana kikundi chao, na mwenyekiti ni baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu. Mkutano uliofuata ulikuwa Jumatano. Tajiri aliamka mgonjwa, akanituma mimi. Jumamosi ya wiki hiyohiyo, nyumbani kwetu upande wa Kangundo, familia ya mchumba wangu ilikuwa ije na mbuzi wa ntheo. Kwetu, mbuzi hao wasipopokelewa, msichana hajaolewa, hata kama ana pete ya kanisani. Baba hayupo, kwa hiyo wa kuwapokea na kunisemea alikuwa baba mkubwa.

Tulikutana ukumbini kanisani. Tukaomba, tukazungumzia wizi wa mizigo njiani, tukalalamikia ushuru. Akina mama wakaleta chai. Nilianza kupumua vizuri, nikadhani siku itapita salama. Ndipo baba mkubwa akasema tuingie mengineyo.

"Tunaumizana bure," alisema. "Huyu akiteremsha simiti, yule anateremsha zaidi. Kuanzia kesho tuuze bei moja. Na Wamunyu tuachie mmoja, Katangi tuachie mwingine. Hakuna kuingiliana."

Vichwa vikatikisika kukubali. Nilisimama na kikombe changu mkononi kwa sababu sikuona pa kukiweka.

"Baba, hiyo mimi siwezi kukaa nikiisikiliza. Kampuni yetu haimo."

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Mwana wakwa," akasema, "huu ni mwethya tu. Si susu yako, mama yangu mimi, alichimba matuta kwa mwethya? Mtu akilima peke yake anashindwa."

Pale akanigusa pabaya. Nimekua nikiyapanda matuta yale. Najua akina mama walivyoyachimba, leo kwa huyu, kesho kwa yule, hadi kila shamba likashika maji. Hasira ikanipanda, na nikishikwa na hasira sichagui mkubwa wala mdogo.

"Mwethya ni kulima shamba la mwenzako," nikasema. "Yule mama anajenga nyumba Katangi yuko wapi hapa ndani? Hakuna mtu anamlimia. Yeye ndiye atalipia hii yote."

Mtu akakohoa. Baba mkubwa akainuka taratibu, akavua kofia.

"Maneno yametosha. Tufunge macho tuombe."

Alijua anachofanya. Hapa kwetu hakuna anayetembea watu wakiomba. Hata mtoto mdogo huvutwa nguo akaambiwa asimame. Akaanza kumshukuru Mungu kwa umoja wetu na kumwomba abariki bei tuliyokubaliana. Tuliyokubaliana! Nikibaki hadi Amina, nimo. Na nikitoka wakati ule, nani atakayeshuhudia kwamba nilitoka, ilhali macho yote yamefungwa?

Niseme wazi: nilitaka kubaki. Niliwaza Jumamosi, niliwaza mama yangu aliyekwisha kualika ukoo mzima, na mbuzi wakirudishwa walikotoka mbele ya majirani. Kisha nikamkumbuka yule wa Katangi, jinsi nilivyomfokea.

Nikakiachia kikombe.

Kilipasuka sakafuni, chai ikaruka hadi kwenye viatu vya jirani yangu. Macho yote yakafunguka.

"Natoka," nikasema. "Mniangalie vizuri. Mimi sijakubali."

Hakuna aliyesema Amina. Nilifika nje, nikashika ukuta wa kanisa, nikalia.

Ijumaa muuzaji wa Katangi alinipigia simu. Kila duka lilikuwa likiuza kwa bei yake. Watu walisema yale maombi hayakufungwa, kwa hiyo hakuna aliyemwamini mwenzake. Safari hii hakucheka. "Lakini madam," aliniuliza, "mzee atakuja kesho kupokea mbuzi?"

Nikamwambia arudi kazini.

Alikuja. Alikuja amevaa suti aliyoivaa siku ya kumzika baba. Aliwapokea wageni, akawakagua mbuzi, akanisemea vizuri kiasi kwamba mama alifuta machozi. Nami nikasema moyoni, damu ni damu, yamekwisha. Nikakimbilia jikoni kuchukua chai, nimpe yeye kwanza.

Niliporudi alikuwa amesimama katikati ya hema, na watu wote wamemgeukia.

"Kazi ya ndugu yangu nimemaliza," alisema. "Mniangalie vizuri. Mimi natoka."

Akapita mbele yangu, kabla ya chai, kabla ya maombi. Wageni walidhani mzee ana haraka tu; hawakujua kwamba anajitoa kwangu. Mimi nilibaki na kikombe chake mkononi, kimejaa, wala sikuweza kumlaumu, maana mle hemani mwalimu wa kutoka namna ile nilikuwa mimi.