Sakafu Nyekundu ya Mama Mugure

Kila asubuhi Mama Mugure alifunga nguo zake ndani ya leso, akaketi mlangoni kungoja arudishwe kwake. Ukimwambia hapa Matasia ndipo kwake tangu alipoolewa na marehemu Njogu, alikutazama kana kwamba unamtapeli.

"Watu wa hapa ni wazuri," aliniambia siku yangu ya kwanza, "lakini mimi niko na kwangu, fundi."

Mimi ni Mbuvi, fundi wa vigae. Mwana wa Mama Mugure, Hiram, aliniita ning'oe vigae vilivyobenuka, nipange vipya, halafu apangishe nyumba. Mama angepelekwa kwenye nyumba ya kulelea wazee kule kwetu Kitengela.

"Hapa hapajui tena," Hiram alisema. "Hata mimi hanijui. Ananiita dereva."

Nilimhurumia, ingawa nilikuwa na la kumwambia. Watoto wetu hawa! Wakishapata kazi Nairobi, lazima nyumba ya mama ing'ae kama benki: juu dari ya jipsamu, chini vigae vyeupe. Mama mwenyewe haulizwi.

Niliingiza tindo chini ya kigae cha kwanza, kikainuka kizima kama chapati iliyoiva. Cha pili vilevile, na vyote vilivyofuata hadi dirishani. Fundi aliyenitangulia alikuwa mvivu wa kutupwa. Sakafu ya zamani huchongwa kwanza ili vigae vishike; yeye alivibandika juu ya nta, na juu ya nta hakishiki kitu. Kazi mbovu kabisa, Mungu ambariki.

Maana chini yake palikuwa na saruji nyekundu, ile ya zamani, iliyosuguliwa kwa nta na kipande cha blanketi kila Jumamosi, miaka nenda miaka rudi. Nilipitisha kitambaa chenye maji, wekundu ukawaka. Na mimi nilitakiwa kuichonga yote. Nikaketi kwanza, roho imekataa.

Mama Mugure akasimama mlangoni, akatazama chini. Akavua viatu. Akaingia kwa soksi hadi karibu na dirisha, palipokuwa na mikwaruzo minne, akapiga magoti na kuipapasa.

"Cherehani yangu ilikuwa inakaa hapa," akasema. Kisha akaona buti zangu.

"Wee! Nani amekuambia uingie na viatu? Hii sakafu nimeisugua na magoti yangu!"

"Pole, shosho," nikasema, nikatoka mbio kuzivua.

Hapo Hiram akafika, simu sikioni, akipatana na wale wa Kitengela siku ya kumpeleka. Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani. Mama akainua kichwa.

"Hiram! Viatu!"

Simu ikaendelea kuongea peke yake mkononi mwake. Akaizima. Akaketi kwenye ngazi ya mlangoni, mtu mzima mwenye kitambi, akaanza kufungua kamba za viatu. Ilimchukua muda, kwa sababu alikuwa analia.

"Fundi," akasema bila kunitazama, "hiyo sakafu usiichonge."