Kiganja cha Nyapara

Jumamosi tumemzika nyapara mmoja wa zamani wa machimbo ya Geita, kijijini kwake upande wa Didia. Ninyi mliozoea kunisoma nikigombana na wakwe na wanunuzi wa pamba, leo niacheni nimseme mtu kwa wema, maana bila yeye ningekuwa mjane tangu mwaka ule askari wetu waliporudi kutoka vita vya Mwingereza huko Bama.

Miezi ya joto, kabla mvua hazijaanza, nyapara huyo alisimama mdomoni mwa shimo akapitisha kiganja kwenye mgongo wa kila aliyepanda juu. Mwenye jasho alirudi kazini. Anayetetemeka alipelekwa zahanati akapewe dawa ya malaria. Mwenye mgongo mkavu na wa moto aliketishwa kivulini, akanyweshwa maji ya chumvi. Hawa wa mwisho ndio waliomchukia, kwa sababu wachimbaji walihesabu kutotoka jasho kuwa ndio uanaume. Jioni walitambiana: "Wewe unachuruzika kama mtungi mpya. Mimi mgongo wangu vumbi tupu."

Bingwa wa majigambo hayo alikuwa mume wangu. Siku niliposikia amezuiwa kazi nilikwenda na mwiko mkononi, uji bado umeugandia. Nikamkuta kivulini anaropoka, mimi mkewe ananiita shangazi.

"Shikamoo, nyapara. Mtu wangu umemzuilia nini?"

"Marahaba, mayu. Tutagombana baadaye. Kwanza mguse mgongo," akanijibu, akiniita mama kwa Kisukuma.

Nikamgusa. Ulikuwa mkavu, unachoma kama kigae cha kukaangia karanga. Mwiko nikautupa, nikashika ndoo. Tukammwagia maji na kumpepea kwa gunia mpaka jasho likachomoza shingoni, naye akaniita jina langu. Nyapara akaniokotea mwiko. "Haya mayu, sasa nipige."

Siku hizi nasikia watu wanaomba wakubwa wa kazi wenye huruma. Mimi naomba wanaogusa. Anayekaa ofisini akingoja kuletewa habari za mgonjwa ataletewa habari za msiba.

Makaburini jua lilikuwa la utosi. Mume wangu, mzee sasa, alikataa kumwachia mtu jembe. Nikamfuata mbele ya waombolezaji, nikaingiza mkono chini ya shati lake.

"Bibi wee, watu wanatuangalia."

Mgongo ulikuwa umelowa chapachapa. Nikamwambia aendelee kuchimba.