Alama Nilizozisugua kwa Msasa

Jumamosi iliyopita tulikuwa Houston, kwenye maonyesho ya kazi za mikono, mimi na mke wangu na binti yetu, meza imejaa mbao zetu. Akasimama mzee mmoja wa Kizungu, akaokota kibao, akafumba macho, akapitisha kidole gumba ukingoni, taratibu, kama anayepima makali ya kisu. Akatabasamu. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza niseme neno, maana kuuza ndiyo kazi yangu. Sikuweza. Nilikuwa nimemwona bibi yangu.

Ngoja kwanza ujue unaongea na nani. Shule niliachia darasa la tano. Nilipofika Texas nilibeba mizigo uwanja wa ndege, na mpaka leo naishi Euless, ndege zinapita juu ya paa kama nzi. Kwenye ghala la mizigo pale kulikuwa na mzee mwenye damu ya Ireland ambaye saa ya chakula alikuwa anachonga vijiti. Ndiye aliyenionyesha maandishi ya kale ya kwao, yanaitwa ogham: mstari mmoja kwenye ukingo wa jiwe au mti, na mikato midogo upande huu au ule, mmoja, miwili, mpaka mitano, kila fungu herufi yake. Wenye digrii wangeomba kozi. Mimi nilizishika zote kwa wiki mbili. Leo gereji yangu ni karakana. Mimi nachonga, mke wangu anapaka mafuta na kufunga, binti yangu anapokea oda. Watu wa maofisi kule Plano wanaagiza majina ya watoto wao. Wauguzi wa Pearland, Watanzania wenzetu, wanatundika jina la ukoo mlangoni kwa herufi za Ireland na wanajidai nalo. Nitajie mwingine wa mtaa wetu wa Pangani aliyefika hapo. Hakuna.

Lakini nilizishika upesi kwa sababu mikato ya namna ile mkono wangu ulishaijua. Siyo ya Ireland. Ya bibi.

Pangani enzi zetu hakuna aliyekodi vyombo vya harusi. Ikija shughuli, kila nyumba inatoa miko yake, pawa zake, mbuzi ya nazi, kibao cha kusukumia chapati, vyote vinarundikwa uani. Kesho yake kila kitu lazima kirudi kwao, na kazi hiyo ilikuwa ya bibi. Kila nyumba aliipa alama, akaikata kwa kisu ukingoni mwa mpini: mikato mitatu iliyobanana, miwili iliyoachana, mmoja wa mshazari. Asubuhi ya baada ya harusi anakaa mkekani, uani bado pananuka ukoko wa pilau na majivu ya kuoshea, masufuria yanagongana, kina mama wamechoka lakini wanataniana. Anapewa mwiko, anaupapasa, anauweka kwenye fungu lake huku anaongea na mtu mwingine kabisa. "Nyie someni kwa macho," alizoea kusema, "mie gumba langu lanitosha." Mimi ndiye niliyepeleka mafungu nyumba kwa nyumba, kwa hiyo alama zote nilizijua. Malipo yangu yalikuwa ukoko. Ule mgumu wa chini, wenye mafuta, unaolia mdomoni. Sijala kitu kama kile Marekani nzima.

Nikaingia darasa la nne. Mwalimu akausifu mwandiko wangu mbele ya wenzangu, na wenzangu wakanitafuta wakati wa mapumziko. "Mwandiko mzuri wewe? Bibi yako anaandika kama kuku anachakura!" Wakacheka. Na mimi nikacheka nao. Hilo peke yake lingetosha kuniaibisha, lakini sikuishia hapo.

Ikaja harusi ya jirani yetu wa nyuma. Vyombo vilikusanywa kwetu siku mbili kabla, na bibi akaenda kumjulia hali mgonjwa. Nikachuma majani ya msasa, yale yanayokwaruza, nikasugua alama zake mpini kwa mpini mpaka pakawa laini. Halafu nikachukua kalamu ya wino niliyopewa na mwalimu, nikaandika jina la kila nyumba kwa mwandiko wangu uliosifiwa. Niliona nimeleta maendeleo. Nilikuwa nasubiri kupongezwa.

Wino ule haukumaliza hata sufuria la kwanza. Tui la nazi, mvuke, maji moto, majivu. Asubuhi bibi akakaa mkekani, akapewa mwiko, akaupapasa. Akaugeuza. Akaomba wa pili, na wa tatu. Kisha akanitazama mara moja tu, nimesimama na ndoo, vidole vyangu bado vyeusi kwa wino.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mjane wa nyumba ya tatu. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa fundi wa miko mtaa mzima, kwa hiyo yote ilifanana. Ila mmoja alimchongea mkewe, na huo mkewe aliujua kwa kuushika tu.

"Bi Mkubwa, huu siyo wangu."

"Basi jaribu huu, mwanangu."

"Siyo. Wangu u wapi?"

Akaanza kulia. Nyuma yake sauti ikasema, "Kazi ishamshinda huyu, apumzike jamani!" Bibi akainamisha kichwa mbele ya wanawake wote. "Ni macho yangu haya," alisema. "Nisameheni."

Macho! Yeye ambaye kwa kazi ile hakuwahi kutumia macho. Mimi peke yangu nilijua amesema uongo na kwa ajili ya nani. Nikabeba ndoo nikaenda kuchota maji, na ndoo ilikuwa imejaa.

Hakunipiga, hakuniuliza. Hakukaa tena kwenye mkeka ule. Baada ya muda watu wakaanza kukodi vyombo vya dukani.

Njiani kurudi kutoka Houston binti yangu aliuliza kwa nini nilikuwa nimeganda. Nikamsimulia nusu iliyo tamu. Akapiga makofi. "Baba, tunauza ya Waairishi na tuna ya kwetu! Kesho unichongee ya nyumba yenu."

"Zote ninazo, mama," nikamwambia.

Kesho yake akanipa kibao gerejini. Nikakata mikato mitatu, chap chap, kama fundi.

Akatazama. "Dad, hiyo ni F ya ogham."

"Ngoja. Ni hii hapa."

"Hiyo ni N."

Kisu kikabaki hewani. Hakunicheka, alinisubiri tu. Ndipo nikamwambia nusu ya pili, mke wangu akiwa amesimama mlangoni na kitambaa cha mafuta mkononi.

Nimepiga simu nyumbani. Dada yangu kauliza, alama gani? Mjane alishafariki. Wenzake nao wamekwisha, na miko ile ilishakuwa kuni. Majina ya nyumba zile naweza kukutajia yote, kwa mpangilio, kuanzia kisimani. Alama ya nyumba hata moja sina.

Jana binti yangu aliandaa bango jipya la meza yetu. Nilimwomba aweke jina la bibi juu kabisa. Akaliandika, vizuri, kwa herufi kubwa. Halafu akaniuliza, "Na chini yake, Baba, tuseme alifanya nini?"

Bango liko gerejini. Chini ya jina bado ni peupe.